Tupeane uzoefu: ushauri wa afisa mikopo umewahi kukuinulia biashara?

Wakuu, habari za mihangaiko. Nauza supu na chapati Mbagala. Mwaka jana nilikopa laki tano kwenye kikundi cha akina mama watano, rejesho 28,000 kila Jumanne, wiki 20. Sikutegemea kingine zaidi ya hela. Asubuhi moja yule dada wa mikopo akaja, akakaa kwenye benchi, akaagiza chai. Akaniuliza, "Mama, hizo sita unazofunga kwenye gazeti zinaenda wapi?" Za watoto. Akaomba daftari, sina. Akapiga hesabu nyuma ya kadi yangu ya marejesho: chapati sita kwa 500 ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Marejesho ya wiki tatu, na chenji juu! Mkaa nao sikuwahi kuuhesabu kwa sababu nachota gunia la nyumbani. Siku hizi nikichukua chapati naandika na kulipa. Baba watoto alinuna kidogo. Nyie wenzangu yamewakuta yapi?

Fundi cherehani, Tandika:
Una bahati. Mimi nilikopa laki tatu, nikashikishwa 270,000. Hiyo 30,000 wakaiita "fomu na mafunzo". Mafunzo yenyewe dakika kumi, soda moja, kisha tukaonyeshwa pa kusaini. BoT, yaani Benki Kuu, imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ila kwa makato ya namna hii hiyo ni kausha damu tu, mkopo wa kunyonya mtu, tofauti yake imevaa kitambulisho shingoni.

Mdau wa Mwanza:
Mimi ushauri nusura unimalize. Nanunua dagaa mwaloni Kirumba. Afisa akasema ongeza mzigo, nikachukua milioni mbili. Sasa dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, rejesho la wiki halilali. Mvua nayo ikaja, mzigo ukagoma kukauka, nikauza kwa bei ya chakula cha kuku. Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa VICOBA yetu (kikundi chetu cha kuweka na kukopa), bibi mmoja aliyeuza dagaa maisha yake yote. Akaniambia nenda kaombe kulipa mara moja kwa mwezi, giza likiisha. Meneja akacheka, lakini alikubali.

Mleta mada:
Fundi, ile 30,000 walikupa risiti?

Fundi cherehani, Tandika:
Risiti? Nilipewa kalamu.