Diorama ya vita kuu hapa Tanga: 1:35 au 1:72, kununua au kuchonga?

Fundi_Makorora
Wakuu, nina ubao wa sentimita 60 kwa 40, nataka uwe diorama, yaani mandhari ndogo ya sanamu, ya vita vya Tanga vya 1914. Nivute seti ya kampuni ya Meng ya gari la deraya la Rolls-Royce, 1:35 (mara 35 dogo kuliko halisi), au nijaze vitu vidogo vya 1:72? Seti naimudu, ushuru ndio unaniumiza kichwa. Mnashaurije?

BintiRaskazone
Kaka, kwanza tukio. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama elfu moja, na askari wake waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Magari ya deraya hayakuwapo. Hayo ni ya kampeni ya Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza, 1916. Ukiliegesha Rolls-Royce penye wale nyuki waliowavamia askari vitani Tanga, wajuzi watakucheka.

MzeeWaMkonge
Kweli kabisa. 1914 ni treni, na treni ni 1:72. Reli ya Usambara ilikuwa na upana wa mita moja: kwa 1:72 ni milimita 14, kwa 1:35 ni karibu 29. Behewa moja la mita saba kwa 1:35 linameza sentimita 20. Ubao umekwisha hapo.

Fundi_Makorora
Shikamoo mzee. Sasa gari ndio nilitupe? Nimeshalipenda.

Nahodha_Plastiki
Hamia 1916, gari lako halali. Kwa 1:35 lina sentimita 14 hivi, ribiti zote zinaonekana. Kwa 1:72 ni saba tu, unapaka rangi kwa kubahatisha. Lakini mimi ningeacha seti kabisa, nichonge mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani. Meli ilizamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikaopolewa, karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magurudumu. Mtutu una mita 4.2, yaani sentimita 12 kwa 1:35. Chukua antena ya redio, ile ya kuvuta: inapungua unene kwa ngazi kama mtutu wenyewe.

BintiRaskazone
Hapo nakuunga mkono. Mbung'o walimaliza wanyama, mizigo ikabaki migongoni mwa wapagazi, na hao kwenye seti za dukani huwapati. Kwa 1:35 mtu ana sentimita tano, sura inachongeka kwa epoksi. Kwa 1:72 uso ni nukta. Ila jiandae, mzinga ule ulivutwa na umati. Weka wachache, kamba iishie ukingoni mwa ubao, mtazamaji ajazie.

MzeeWaMkonge
Kamba tunayo bure mkoa mzima. Chambua singa za mkonge, sokota mbili, pitisha kwenye gundi ya mbao iliyozimuliwa, zivute kwa kibanio mpaka zikauke. Usipozivuta zinasimama vinywele, kamba inakuwa nene kama shina la mnazi. Majani ni singa hizohizo, lakini paka kijani kabla ya kukata.

Fundi_Makorora
Antena ninayo. Magurudumu je?

Nahodha_Plastiki
Vipete vya bomba la maji, spoku vijiti vya meno. Kata kwa msumeno wa chuma, kisu kinapasua.