Mbeya au Njombe? Nahama Dar na familia, wenyeji naombeni mnifungue macho

FundiKeko
Habari zenu wakuu. Mi ni fundi seremala, karakana ipo huku Keko, natengeneza makabati, vitanda, milango, kazi zote za mbao. Sasa mwenye eneo anataka kujenga ghorofa katupa notisi, na tumekaa na mama watoto tukaona badala ya kuhangaika kutafuta sehemu nyingine hapa hapa Dar kwa kodi ya kukomoana bora tupandishe Nyanda za Juu Kusini ambako hata hizo mbao ndo zinatoka. Mezani zimebaki mbili, Mbeya jiji au Njombe mjini. Mke ana dada yake Uyole, mi nina rafiki Njombe anauza mbao, kwahiyo kila mmoja anavutia kwake. Tuna watoto wawili, mkubwa yupo la tatu mdogo hajaanza, na naishi na mama yangu mzazi ana shida ya magoti na presha. Mke ni fundi cherehani. Nachotaka kujua ni soko la fenicha, baridi kwa mama, shule, hospitali na maisha kwa ujumla. Mliowahi kuishi kote kote ndo mseme zaidi, na tafadhali msiniletee ukabila.

MwanaRungwe
Karibu Mbeya mkuu. Ila kabla hujafunga mizigo jua kwanza unaposema Mbeya unaongelea Mbeya ipi, maana huu mkoa una hali ya hewa za kila aina. Jiji lenyewe lipo kwenye mita kama 1,700 hivi, baridi ipo ila inavumilika. Ukishuka Kyela ziwani ni joto la kutoa jasho saa mbili asubuhi. Ukipanda Tukuyu mvua haina adabu, inanyesha karibu mwaka mzima, nguo unaanika Jumatatu unavaa Ijumaa ikiwa na harufu ya moshi. Chunya ni ukame na vumbi la dhahabu. Watu wanakuja na picha moja kichwani halafu wanalalamika. Kwa mama mwenye magoti mi nasema jiji, tena upande wa Ilomba au Soweto kuliko kule juu milimani.

Kibena Orijino
Mwambie ukweli na upande wa pili basi, hiyo Mbeya jiji ina watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022 na barabara kubwa ni moja tu, malori ya Zambia na Kongo, bajaji, daladala, mikokoteni, wote wanagombania hapo hapo kuanzia Uyole mpaka Mafiati. Njombe mjini unatembea kwa miguu unamaliza shughuli zako zote unarudi kula. Pesa ipo pia, watu wa parachichi na watu wa miti wanajenga nyumba sio mchezo na nyumba ikijengwa inataka milango, inataka makabati ya jikoni, we fundi unatafuta nini kingine? Na mbao unachagua mwenyewe shambani kabla haijaguswa na dalali hata mmoja.

DerevaWaFuso
Hapo kwenye mbao naomba niweke sawa maana ndo kazi yangu. Fundi, kukaa karibu na msitu sio lazima mbao iwe rahisi kwako. Paina ukiitaka ipo Njombe, ipo Mufindi kwenye shamba la serikali la Sao Hill, na yote inapita Makambako, ukiwa Mbeya kenta inakuletea siku hiyo hiyo. Kinachokula hela ni makaratasi na ushuru njiani, lazima uwe na kibali cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, cha kusafirisha hata kama mti umepanda mwenyewe kwenye shamba la babu yako. Wengi wanakamatwa hapo, gari inalala kizuizini. Sasa jiulize wewe unauza nini, mbao au kabati? Kama ni kabati basi kaa karibu na mnunuzi wa kabati, mbao itakufuata.

Na mbao ngumu usisahau. Wateja wako wa Keko si ndo hao wanaotaka mninga? Njombe huo mti haupo, kule ni paina na mlingoti (mkaratusi). Mninga unatoka Chunya na kule Katavi na Tabora, hiyo ni njia ya Mbeya.

FundiKeko
Asante sana dereva, hili la mninga sikuwa nimelipa uzito. Na hivi paina ya Njombe inakaukaje kwa hiyo baridi? Huku Dar naletewa mbichi naisubirisha.

MzeeRanda
Mwanangu fundi, hapo umeuliza swali la maana. Nimefanya kazi hii Njombe na sasa nipo Mbeya. Paina ikitoka msumenoni kule ukiiminya kwa kidole gumba maji yanakuja juu, na ukungu wa kuanzia mwezi wa tano hauruhusu ikauke upesi, unaipanga kwenye banda na vijiti katikati kila tabaka na unasubiri sana, ukiwa na haraka ukaitengenezea mlango ukaupeleka Kyela baada ya muda mteja anakupigia simu mlango haufungi, umejipinda kama upinde. Mbeya ni kinyume, mwezi wa tisa na wa kumi jua kali na upepo mkavu, mbao inakauka fasta mpaka inapasuka kwenye ncha, kwahiyo unapaka rangi za mafuta kwenye ncha mapema na unaiweka kivulini. Mimi nikipewa kuchagua nachukua tatizo la Mbeya, mpasuko unaukata unatupa, mbao iliyojipinda ndani ya kabati la mtu huitoi.

Halafu ukipata eneo kaulizie umeme kwanza. Mashine kubwa ya kuranda inataka fezi tatu, kuna mitaa nguzo ina fezi moja tu na kuvutiwa zingine ni gharama na ni foleni.

Mama Pacha
Kaka naona mnaongea mbao tu, bibi wa watu na watoto mmewasahau. Mimi ni nesi na nimefanya kazi mikoa yote miwili.

Hospitali: Mbeya kuna Rufaa ya Kanda, na Meta kwa wazazi, wataalamu wengi wapo pale. Njombe kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Ikonda kule Makete ya wamisionari ambayo watu wanatoka mpaka Dar kuifuata. Ila Ikonda sio ya kukimbilia usiku presha imepanda ukiwa unakaa Njombe mjini. Kwa kliniki ya presha ya kila mwezi kote kote utahudumiwa vizuri, tofauti ipo siku ya dharura na hapo Mbeya iko mbele.

Baridi: Njombe mwezi wa sita na wa saba sio baridi ya kuvaa sweta tu. Asubuhi unakuta sakitu nyeupe kwenye majani, viazi vinaungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Na ninachokiogopa mimi sio magoti ya bibi, ni jiko la mkaa. Watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga madirisha wanalala, ile hewa ya mkaa haina harufu, wengine hawaamki. Mkienda Njombe bibi atataka jiko, nakuhakikishia, kwahiyo panga nyumba yenye dari, madirisha yanayofunga vizuri, blanketi nzito za kutosha na maji ya moto ya kuoga, na jiko likiingia ndani dirisha linabaki wazi na kabla ya kulala linatoka nje.

Jambo la tatu ni huyo mdogo ambaye hajaanza shule. Njombe chakula kipo kila kona lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati taifa zima ni asilimia 30. Sio njaa, ni wazazi kushinda shamba na mtoto kulishwa ugali na viazi asubuhi mpaka jioni. Wewe ukimpa mwanao maziwa, mayai, maharage na hayo maparachichi yanayooza chini ya miti hatadumaa, ila usimwachie dada wa kazi apange menyu.

Kibena Orijino
Dada nesi hapo kwenye udumavu umetuvua nguo hadharani lakini sawa, ni kweli na viongozi wanalisema kila siku. Ila maziwa Njombe ni mengi jamani, ng'ombe wa kisasa wapo mpaka mjini.

BintiSoweto
Mi nimezaliwa Mbeya nimeolewa Njombe kwahiyo nipo katikati 😂 nitaongea na huyo mke fundi cherehani maana hakuna aliyemtaja. Dada, Njombe sweta ni biashara ya mwaka mzima, sweta za shule hasa, kama una mashine ya kufuma au unaweza kujifunza hutolala njaa. Ila mitindo ya vitenge, magauni ya send-off, suti za harusi, hiyo nenda Mbeya, kila Jumamosi kuna sherehe na makanisa ni mengi sana kila kwaya inataka sare mpya. Mafundi nao ni wengi lazima uwe na mkono.

Kitu kingine Njombe watu ni wachapakazi na wapole ila kuzoeana kunachukua muda, saa moja jioni mtu yupo ndani kajifunika, sasa ukitokea Dar ulikozoea kukaa barazani mpaka saa nne utaona mji umekufa. Mbeya wanaongea, wanagombana, wanapatana, kesho yake mnakula pamoja. Na mchele! Wa Kyela na wa Mbarali upo jirani, Njombe mchele unaletewa.

MjasiriShamba
Nendeni Njombe mnunue shamba la parachichi acheni porojo. Hass ndo mpango mzima.

DerevaWaFuso
Huyu nae 😂 mtu kasema ni seremala. Parachichi ya kisasa mpaka ianze kukupa cha maana ni miaka mitatu minne, mpaka hapo watoto wanakula majani? Na ardhi ya karibu na barabara kule ilishapanda bei tangu wageni waanze kuifuata. Akitaka aje anunue baadae akiwa ametulia, apite serikali ya kijiji na mkutano wa kijiji ujue, sio kuandikiana na mtu mmoja chini ya mti.

MakambakoJunction
Nashangaa hakuna aliyetaja Makambako. Ni mkoa wa Njombe lakini baridi sio ile ya Njombe mjini. Barabara ya Dar–Mbeya inapita hapo, ya Songea inaanzia hapo, TAZARA ina stesheni hapo, mbao zote zinashuka hapo. Njombe mjini ni kama kilomita 60. Mteja wa Songea, wa Iringa, wa Mbeya wote wanakupitia mlangoni. Mafremu ya karakana yapo na maeneo bado ni makubwa, unaanika mbao zako bila kugombana na jirani.

MwanaRungwe
Makambako upepo tu utamtoa. Ila point ya njia nakubali.

Mama Pacha
Makambako kuna hospitali na sio mbaya, ila shule nzuri za mchepuo wa kiingereza uchaguzi ni mdogo ukilinganisha na Mbeya. Kama watoto wapo za serikali haina shida sana kokote.

FundiKeko
Watoto wapo serikali, na nimewasikia wote. Mke anacheka tu hapa maana kila mkiandika Mbeya ananionyesha simu. Mimi naona hivi, karakana naiwazia Mbeya kwa ajili ya mninga na wateja wa Tunduma na Kyela, paina nitafuata Makambako. Ila bado nina wasiwasi na kodi ya eneo lenye fezi tatu, na ushindani wa hizi fenicha za mbao za unga (MDF, unga wa mbao uliogandishwa) zinazouzwa bei chee.

MzeeRanda
Hizo za mbao za unga usishindane nazo bei, hutaweza. Mbeya zimejaa soko la Mwanjelwa. Ila kitanda cha hivyo mtoto akirukia kinakatika, na mteja akishanunua mara moja ya pili anamtafuta fundi. Kuna wanafunzi wengi pia wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia), Mzumbe na vyuo vingine, wenye hosteli wanaagiza vitanda vya deka kwa mkupuo, nenda na sampuli moja iliyokaa vizuri. Eneo usitafute Mwanjelwa penyewe, kule unalipia jina. Angalia Uyole au Iyunga, malori yanaingia bila shida na nguzo za fezi tatu zipo kwa sababu ya viwanda na mashine za kukoboa.

BintiSoweto
Uyole baridi yake nayo sio ya mchezo lakini, ipo juu kidogo kuliko mjini, bibi mwambieni.

DerevaWaFuso
Na ukiwa Uyole jua mizigo yako ya mjini inapita kwenye foleni ileile. Wanapanua barabara njia nne kwahiyo vumbi na michepuko vipo, chunga unachukua fremu upande gani, kuna watu wamewekewa alama ya X ya kubomolewa ukutani. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita nenda kwa mtendaji wa mtaa uliza kama hilo jengo limo kwenye hifadhi ya barabara.

FundiKeko
Hiyo ya X nimeiandika pembeni. Tunakuja mwezi wa saba wote pamoja na mama, tukae Uyole kwa shemeji na Njombe kwa rafiki tuone baridi yenyewe kwenye kilele. MzeeRanda nakuja inbox kuhusu Iyunga.

MzeeRanda
Karibu mwanangu. Njoo na tape yako, upime upana wa mlango wa hiyo fremu kama kabati la milango minne linatoka likiwa limeshaunganishwa.