Naomba ushauri: nitazame filamu gani baada ya hizi?

Habari zenu wadau. Mimi ni mtazamaji wa kawaida tu, nikipata nafasi mwisho wa wiki nakaa kuangalia filamu. Naombeni mnielekeze.

Iliyonikamata kuliko zote ni 12 Angry Men ya mwaka 1957. Wazee wa baraza 12 wamefungiwa chumba kimoja karibu filamu nzima. Hakuna bunduki wala magari ya kukimbizana, ni ubishi tu juu ya kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake. Nilidhani nitasinzia. Kumbe yule mmoja aliyesimama peke yake dhidi ya 11 alinifanya nisahau hata simu yangu!

Parasite ya Korea Kusini (2019) nimeirudia mara mbili. Mvua ileile inayowaharibia matajiri matembezi inaifurika nyumba ya maskini, na hadi leo picha hiyo haijanitoka. Titanic naipenda, ila inazidi saa 3, na mapenzi yale hayakunigusa kama wanamuziki wanaoendelea kupiga huku meli ikizama. Inception ilinishinda, ndoto ndani ya ndoto, nikapotea njiani.

Sasa nisaidieni: zipo nyingine ambazo nguvu yake iko kwenye mazungumzo, watu wachache, sehemu moja? Za zamani pia sawa, hata zisizo na rangi.

Halafu mke wangu hapendi kusoma maandishi chini ya skrini, na mimi natamani tutazame pamoja filamu za lugha nyingine. Nimwanzishie ipi?