Naomba ushauri: mbio za timu kwa ramani na dira, Bunyonyi

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kampala. Timu yetu ya watu wanne inajiandaa kwa mbio za kutafuta vituo vilivyowekwa alama kwenye ramani, kwa miguu, baiskeli na mtumbwi, kandokando ya Ziwa Bunyonyi. Wenzangu wana uzoefu, mimi bado mgeni.

Pumzi ninayo. Shida ni ramani. Nimefanya mazoezi na dira vilima vya Mukono: nikisimama, mistari ya mwinuko (ile ya ramani inayoonyesha urefu wa vilima) naielewa, nikikimbia, naipoteza. Na huku ikweta jua la saa sita liko utosini, halisaidii kujua kaskazini. Kule Kabale, karibu na ziwa hilo, vilima vya matuta vinafanana mno, ndicho ninachokihofia zaidi.

Je, nishike ramani ya pili, au nibaki kuhesabu hatua tu ili kupima umbali? Na mkiwa mtumbwini katikati ya visiwa, mnajuaje mko wapi? Natanguliza shukrani.