Naomba ushauri: Osasuna 2025/26, tutegemee nini?

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaoifuatilia La Liga kwa karibu. Naipenda Osasuna ya Pamplona, timu inayomilikiwa na wanachama wake, lakini msimu huu nashindwa kuisoma.

Msimu uliopita ilimaliza ya 9 na pointi 52, sawa na Rayo Vallecano waliochukua nafasi ya 8 na tiketi ya Conference League. Bado inaniuma. Sare 16! Moja tu ingegeuka ushindi, tungekuwa Ulaya.

Sasa kocha Vicente Moreno ameondoka, kaja Alessio Lisci aliyeifikisha Mirandés, timu ya daraja la pili, fainali ya mchujo wa kupanda daraja. Beki wa kulia Jesús Areso kaenda Athletic Bilbao. Kinachonipa hofu zaidi ni mbele: Ante Budimir alifunga mabao 21, ila ametimiza miaka 34. Akiumia, nani atafunga?

Mnaomjua Lisci tangu Mirandés, mfumo wake unahitaji mshambuliaji wa aina gani? Na je, klabu inunue mtu, au iwaamini vijana wa Tajonar, akademi yetu? Mimi naegemea vijana, ila nataka hoja zenu kwanza.