"Scale" ni kupanda, ni gamba au ni mizani?

Mfasiri wa Sinza
Wadau, habari zenu. Nina matini ya Kiingereza ambamo "scale" imetumika kwa mtu na ukuta, kwa samaki na kwa ramani. Ni neno moja au ni maneno tofauti? Na hiyo ya ukuta niiweke Kiswahili gani?

Mdadisi Kariakoo
Mkuu, ni maneno matatu yaliyokutana kwenye tahajia moja.

La ukuta lina asili ya Kilatini: "scala" ni ngazi, na mzizi wake ni kitenzi "scandere", kupanda. Picha yake ya awali ni askari wanaoegemeza ngazi kwenye ukuta wa ngome. La ramani ni ngazi hiyohiyo, kwa sababu ya alama zilizopangwa kwa nafasi sawa kama vidato. Ramani ikiwa 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Nasi tumepita njia hiyohiyo: kidato cha ngazi kikawa kidato cha nne, na ngazi ikawa ngazi ya mkoa.

Gamba limetoka Kifaransa cha kale, "escale", ganda. Mizani imetoka kwa Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia, "skál", bakuli. Mizani ya zamani ilikuwa na vibakuli viwili, ndiyo maana mara nyingi utaikuta kwa wingi, "scales".

Mama Kamusi
Mwanangu, usiandike "panda" kila mahali. "Scale" ina kufika juu ndani yake. Aliyeishia Kibo Hut, mita 4,720, amepanda Kilimanjaro, lakini kitenzi hiki hakimfai. Kinamfaa aliyefika kileleni, mita 5,895. Andika "alipanda hadi kileleni". Mwizi na ukuta: "aliruka ukuta", ndivyo watu wasemavyo. Mtu anayeng'ang'ania jabali kwa mikono na miguu: "kuparaga" au "kukwea". Na ukiona "scale up", hapo hakuna mlima, ni kupanua mradi.

Mdau wa Feri
Kwa samaki kuna mtego. "Scaled the fish" si samaki mwenye magamba, ni aliyeondolewa magamba. Kitenzi chetu ni kupaa: kisu kinatoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha ulalo wa magamba, ndipo yanang'oka. Ukipaa kutoka kichwani kisu kinateleza tu juu yake. Na tazameni: kupaa kwetu ni kuondoa magamba na pia ni kwenda juu, maana zilezile mbili zinazokusumbua kwenye "scale".

Mfasiri wa Sinza
Shikamoo Mama Kamusi. Naweka "aliruka ukuta", na samaki "alimpaa". Asanteni.