IP ya swichi: uiandike mwenyewe au uiachie DHCP?

kiboriloni_net: Wakuu habari za jioni. Niko Moshi hapa, kuna shule naifungia mtandao, swichi tatu za Cisco leya 2 (zisizofanya kazi ya ruta), naziseti kwa komandi kupitia kebo ya konsoli. Sasa ile IP ya kuingilia kwenye swichi yenyewe, niiandike kwa mkono au niweke `ip address dhcp`, yani ruta ndo igawe namba yenyewe kwa DHCP? Nataka sababu, maana kila fundi ana lake.

mangi_kebo: Mkono mkuu. DHCP iache kwa simu na laptopu za walimu. Swichi unaitafuta siku mtandao umeharibika, sasa siku hiyo ndo uanze kuhangaika leo imepewa namba gani? Na umeme ukikatika ukarudi, kama ruta haitunzi kumbukumbu unaweza kukuta namba imebadilika. Ingia `configure terminal` halafu:

`interface vlan 1`
`ip address 192.168.10.2 255.255.255.0`
`no shutdown`
`exit`
`ip default-gateway 192.168.10.1`

Hiyo ya mwisho wengi wanairuka, bila hiyo swichi inajibu walio mtandao huohuo tu, ukiwa nje kwa VPN (njia ya kuingia mtandao ukiwa mbali) hupati kitu.

dada_njiro: Kwa swichi tatu sawa kabisa. Ila mimi huku Arusha nahudumia ofisi nyingi, kwangu bora DHCP ya kutengewa, yani kwenye ruta unaifungia swichi namba yake inapewa hiyohiyo siku zote, na ukibadili mpangilio unabadilishia sehemu moja. Angalizo, Cisco mara nyingi inajitambulisha kwa client-id (utambulisho inaoutuma yenyewe) na siyo MAC tupu (namba ya kiwandani ya kifaa), so angalia kwanza ruta inaionaje ndo uifungie, la sivyo itapewa namba nyingine utabaki unashangaa.

fundi_sakina: Ukienda na mkono chagua namba ambayo ruta haigawi. Kama inagawa .100 mpaka .200 we chukua .2, .3, .4, usije ukagongana na simu ya mtu. Na siku ukibadilisha IP ukiwa mbali, kabla hujagusa chochote piga `reload in 10`, usisevu, ukijifungia nje baada ya dakika 10 inajiwasha na seting za zamani. Ikikubali piga `reload cancel` ndo u-`copy running-config startup-config`. Tafadhali msiidharau hii, inaokoa safari nzima ya Arusha–Moshi.

kiboriloni_net: Asanteni sana. Nimeweka kwa mkono, lakini `show ip interface brief` inaonyesha Vlan1 up, protokali down??

mangi_kebo: Hakuna poti ya vlan 1 (lile kundi la poti ulilolipa IP) yenye kitu kinachowaka. Chomeka laptopu kwenye mojawapo, subiri kidogo.

kiboriloni_net: Up up! Na ruta inaping. Nasevu hii naenda ya pili.